Lengo Linaloweza Kushindwa: Tahakiki ya Uundaji wa Malengo katika Tasnifu na Maandiko ya Miradi Kuhusu Bariadi na Mkoa wa Simiyu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna malengo yanavyoundwa katika tasnifu za Kiswahili na katika maandiko ya miradi yanayoomba fedha, kwa kutumia mifano inayohusu Bariadi na maeneo ambayo leo yanaunda Mkoa wa Simiyu. Hoja kuu ni kwamba uwazi wa lengo hautokani na ufupi wa sentensi wala idadi ya malengo mahsusi. Unatokana na uwezo wa lengo hilo kushindwa, yaani msomaji aweze kutaja, kabla data haijakusanywa, ni matokeo gani yangeonesha kuwa dhana iliyolibeba si sahihi. Makala yanapitia mipango mitatu iliyowahi kuandikiwa malengo katika eneo hili: Mpango wa Maendeleo wa Usukuma wa mwaka 1947, Hifadhi Ardhi Shinyanga iliyoanza mwaka 1986, na mradi wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi Simiyu ulioidhinishwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017. Kisha yanachunguza kasoro tatu zinazojitokeza katika uundaji wa malengo ya tasnifu: vitenzi visivyo na jibu, mipaka isiyotajwa, na lugha ya data isiyobainishwa.

1.0 Utangulizi

Sura ya kwanza ya tasnifu nyingi za Kiswahili ina mpangilio unaofahamika: usuli wa tatizo, tamko la tatizo, lengo kuu, malengo mahsusi matatu au manne, maswali ya utafiti, umuhimu na mawanda. Mtahini anapoufungua ukurasa wa malengo, mara nyingi hukuta kila kitu kipo mahali pake. Lengo kuu limeandikwa, malengo mahsusi yamepewa namba za Kirumi, na maswali yameundwa kwa kuyageuza malengo hayo kuwa sentensi za kuuliza. Umbo limetimia. Linalobaki kuulizwa ni kama ndani ya umbo hilo kuna jambo lisilojulikana ambalo mtafiti ameahidi kulijua.

Swali hilo lina uzito wa pekee katika eneo kama Simiyu. Mkoa huu, wenye makao yake makuu Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012 kwa kuunganisha wilaya zilizotoka Mkoa wa Shinyanga na sehemu ya iliyokuwa Wilaya ya Magu mkoani Mwanza. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,584,157, na ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,140,497. Ni mkoa unaoongoza kwa kilimo cha pamba, wenye mifugo mingi na mvua zisizotabirika. Kwa sababu hizo huandikiwa mengi: tasnifu, ripoti na maandiko ya miradi. Kila andiko humfikia mkulima au mfugaji kwa njia ya hojaji, usaili au mkutano wa kijiji, naye hutoa muda wake. Lengo likiwa na ukungu, gharama ya ukungu huo hulipwa na mtu ambaye hakushiriki kuliandika.

2.0 Lengo la kujua na lengo la kubadili

Kabla ya kuhakiki mifano, ni muhimu kutenganisha mambo mawili ambayo neno moja la Kiswahili, lengo, huyabeba kwa pamoja. Lengo la utafiti ni ahadi ya kujua jambo fulani. Lengo la mradi ni ahadi ya kubadili hali fulani. La kwanza hutimia hata kama matokeo hayapendezi, kwa kuwa mtafiti aliyeahidi kubainisha iwapo mbinu fulani inaongeza mavuno ametimiza ahadi yake hata akigundua kuwa haiongezi. La pili hutimia tu pale hali inapobadilika kama ilivyoahidiwa.

Tofauti hii inaonekana nyepesi, lakini kuichanganya ni chanzo cha ukungu mwingi. Tasnifu huandika lengo mahsusi la nne kuwa ni "kupendekeza mikakati ya kutatua changamoto", jambo ambalo si la kujua bali ni la kushauri, na ambalo haliwezi kukosa kutimia kwa kuwa mtu yeyote anaweza kupendekeza. Kwa upande mwingine, andiko la mradi huandika kuwa linalenga "kuelewa mahitaji ya jamii" wakati bajeti imeshapangwa kwa mabomba au miche, ishara kwamba uelewa huo tayari umechukuliwa kuwa upo.

Zana za kuunda malengo zinazofundishwa vyuoni zilizaliwa zaidi katika ulimwengu wa miradi na usimamizi. Jedwali la mantiki la mradi lilibuniwa mwaka 1969 kwa ajili ya Shirika la Misaada la Marekani. Sifa tano za lengo bora, ambazo hutaka lengo liwe mahsusi, lipimike na liwe na muda maalumu miongoni mwa mengine, zilitokana na makala fupi ya Doran (1981) iliyowalenga mameneja wa makampuni. Zana hizi zina manufaa, lakini hazikuundwa ili kumsaidia mtu kujua asichokijua. Lengo linaweza kutimiza sifa zote tano na bado likawa limejengwa juu ya dhana ambayo haijawahi kuulizwa. Historia ya Usukuma inatoa mfano wa wazi wa jambo hilo.

3.0 Lengo lililo wazi lisilo na mwenyewe: Mpango wa Maendeleo wa Usukuma

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianzisha Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, uliofadhiliwa kwa fedha za maendeleo na ustawi wa makoloni na kuendeshwa kutoka Malya kuanzia mwaka 1947. Wilaya ya Maswa ya wakati huo, ambayo ndani yake ilikuwamo Bariadi ya leo, ilikuwa sehemu ya eneo la mpango. Tatizo lilitajwa waziwazi: ardhi ya katikati ya Usukuma imejaa watu na mifugo, udongo unachoka, na maji hayatoshi. Lengo nalo lilitajwa waziwazi: kuwahamishia watu maeneo yenye nafasi, kupunguza mifugo, kuhifadhi udongo na kuchimba malambo.

Lengo hilo lilikuwa na kipimo pia. Kazi ya Rounce (1949) ilitoa kile kilichokuja kuitwa kanuni ya Usukuma, yaani hesabu ya uwiano kati ya watu, mifugo na ardhi, ambamo takribani watu 100 kwa maili moja ya mraba walichukuliwa kuwa kiwango ambacho ardhi ingeweza kukibeba. Malcolm (1953), ambaye alikuwa mtawala katika eneo hilo, aliijengea hoja yake juu ya hesabu za namna hiyo. Kwa kigezo cha sifa tano za lengo bora, mpango huu ungepata alama za juu: ulikuwa mahsusi, ulipimika, na ulikuwa na muda.

Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1950 amri za kupunguza mifugo na kanuni za kilimo zilizolazimishwa zilikuwa zimegeuka kuwa chanzo cha upinzani mkali wa kisiasa, kama Maguire (1969) anavyoonesha kwa kirefu, na serikali ililegeza utekelezaji wake. Tatizo halikuwa upungufu wa uwazi. Mpango ulijua kwa uhakika unachotaka kupima, lakini haukuwa umeuliza ng'ombe ni nini kwa Msukuma. Kwa mtaalamu wa udongo, ng'ombe alikuwa mzigo juu ya eka. Kwa mwenye boma, ng'ombe alikuwa akiba, mahari, kinga ya mwaka wa njaa na kiungo cha ujamaa na watu wa mbali. Lengo lililopunguza idadi ya ng'ombe bila kuuliza swali hilo lilikuwa na kipimo cha jambo moja na ujinga wa jambo la pili lililokuwa kubwa zaidi.

Funzo kwa mwandishi wa malengo ni kwamba uwazi una pande mbili. Upande wa kwanza ni kipimo: nini kitahesabiwa. Upande wa pili ni dhana: lengo linachukulia nini kuwa kweli bila kukichunguza. Lengo linaloonesha upande wa kwanza na kuficha wa pili lina uwazi wa nusu, na nusu hiyo huweza kupotosha zaidi kuliko ukungu, kwa kuwa huvaa sura ya uhakika.

4.0 Lengo lililobadilika njiani: Hifadhi Ardhi Shinyanga

Mfano wa pili unaelekea upande tofauti. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa kifupi chake HASHI, katika mkoa ambao wakati huo ulizihusisha Bariadi, Maswa na Meatu. Miti ilikuwa imefyekwa kwa miongo mingi: kwa kampeni za kutokomeza mbung'o, kwa upanuzi wa mashamba ya pamba, na kwa mahitaji ya kuni. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 nayo iliwatenga watu na maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Katika miaka yake ya mwanzo, programu ilitilia mkazo vitalu vya miche na upandaji wa miti.

Kilicholeta mabadiliko makubwa zaidi, hata hivyo, kilikuwa ngitili. Hili ni jina la Kisukuma la eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti vichipue, kisha hufunguliwa kiangazi malisho yanapoadimika. Ngitili haikuletwa na mradi. Ilikuwapo katika desturi za wafugaji kabla mradi haujaandikwa. Programu ilipoitambua na kuiunga mkono, uoto ulirudi kutokana na visiki na mizizi iliyokuwa bado hai ardhini. Takwimu zinazonukuliwa mara nyingi zinaonesha kuwa ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa mwaka 1986 zilikuwa takribani hekta 600, na kwamba kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 maeneo yaliyorejeshewa uoto yalizidi hekta 300,000 katika vijiji 833. Utafiti wa Monela na wenzake (2005) ulijaribu kukadiria thamani ya maeneo hayo kwa uchumi wa kaya.

Mtahini anayehakiki mfano huu kwa makini atatoa hoja mbili. Kwanza, kama HASHI ingeshikilia kiashiria cha idadi ya miche iliyopandwa, mafanikio yake makubwa yasingeonekana katika ripoti zake. Uwazi wa lengo, kwa hiyo, haumaanishi ugumu wa lengo. Lengo linaweza kurekebishwa, mradi marekebisho yaandikwe, sababu zitajwe, na msomaji aoneshwe lilivyokuwa mwanzo na lilivyokuwa baadaye. Tasnifu nyingi hufanya kinyume: mtafiti hugundua nyanjani kuwa swali lake halikuwa sahihi, kisha hurudi na kuliandika upya katika sura ya kwanza kana kwamba lilikuwa hivyo tangu mwanzo. Ugunduzi muhimu kuliko wote, yaani kwamba swali la awali lilikosea, hufutwa.

Pili, takwimu ya hekta 600 ni ya ngitili zilizoorodheshwa. Ngitili ambayo familia iliitunza bila kuandikishwa popote haikuwa na nafasi ya kuhesabiwa. Ongezeko kutoka 600 hadi zaidi ya 300,000 linaweza kubeba mambo mawili kwa pamoja: uoto uliorudi, na uoto uliokuwapo ukaanza kuandikwa. Hoja hii haikanushi mafanikio, ambayo yanaonekana kwa macho. Inaonesha tu kwamba lengo linalosema "kuongeza eneo la ngitili" halijawa wazi hadi liseme ngitili ipi inahesabiwa na tangu lini.

5.0 Lengo linalobeba mizigo miwili: andiko la mradi wa Simiyu

Mwezi Aprili 2017 Bodi ya Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, wenye makao yake Songdo nchini Korea Kusini, iliidhinisha mradi wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi katika Mkoa wa Simiyu. Andiko liliwasilishwa kupitia Benki ya Maendeleo ya Ujerumani, KfW. Gharama nzima ilikadiriwa kuzidi Yuro milioni 140, na mchango wa Mfuko pekee ulizidi Yuro milioni 100. Kiini chake ni kuchukua maji ya Ziwa Victoria kwa bomba na kuyafikisha katika miji na vijiji vya mkoa, pamoja na huduma za usafi wa mazingira na shughuli za kilimo kinachohimili ukame.

Andiko la aina hii hubeba mizigo miwili. Mfuko hupima maombi kwa vigezo sita, vikiwamo athari tarajiwa, uwezo wa kuleta mabadiliko ya mwelekeo, na mahitaji ya anayeomba. Zaidi ya hayo, hutaka mwombaji aoneshe kwamba tatizo linasababishwa au kuzidishwa na mabadiliko ya tabianchi, wala si upungufu wa kawaida wa maendeleo. Mtu wa Bariadi anayeamka usiku kusubiri zamu kisimani hana haja ya kutenganisha mambo hayo mawili. Mwandishi wa andiko analazimika kuyatenganisha.

Hapo ndipo ugumu wa lengo unapoanzia. Uhaba wa maji Simiyu una visababishi kadhaa vinavyotenda kwa pamoja: mvua zisizotabirika, ongezeko la watu, ongezeko la mifugo, vyanzo vya juu ya ardhi vinavyokauka kiangazi, na miundombinu iliyobaki nyuma. Lengo la "kuongeza ustahimilivu wa jamii dhidi ya mabadiliko ya tabianchi" linaviweka vyote chini ya jina moja. Kiashiria cha msingi ambacho Mfuko huutumia kwa miradi ya kuhimili ni idadi ya wanufaika. Idadi hiyo inaeleza ni watu wangapi wamefikiwa na huduma. Haielezi kama kaya iliyofikiwa imekuwa na uwezo zaidi wa kupita katika mwaka wa ukame kuliko kaya jirani isiyofikiwa.

Hapa mtafiti wa tasnifu ana nafasi ambayo mwandishi wa andiko la mradi hana. Andiko linaahidi kubadili. Tasnifu inaweza kuahidi kujua kama kilichobadilika ndicho kilichotajwa. Lengo kama "kulinganisha, katika kipindi cha kiangazi, idadi ya mifugo iliyouzwa kwa dharura na kaya zilizounganishwa na maji ya bomba na kaya zisizounganishwa katika kata mbili za Wilaya ya Busega" linaweza kukanushwa. Ikiwa hakuna tofauti, basi maji ya bomba yameboresha afya na muda wa wanawake bila kugusa uamuzi wa kuuza ng'ombe, na neno ustahimilivu litahitaji kufafanuliwa upya. Jibu la namna hiyo lingekuwa na manufaa kwa mfadhili, kwa Wizara ya Maji, na kwa kijiji chenyewe.

6.0 Malengo ya tasnifu: kasoro tatu

Mifano ya malengo inayofuata imetungwa kwa ajili ya uchambuzi. Haikunukuliwa kutoka tasnifu yoyote, lakini mtahini mwenye uzoefu ataitambua.

6.1 Vitenzi visivyo na jibu

"Kuchunguza changamoto zinazowakabili wakulima wa pamba wilayani Bariadi." Lengo hili haliwezi kushindwa. Mkulima yeyote akiulizwa changamoto zake atazitaja: bei, wadudu, kuchelewa kwa pembejeo, mizani, mvua. Mtafiti atazipanga katika jedwali na kuziwekea asilimia. Aliyeishi Bariadi wiki moja angeweza kuliandika jedwali hilo bila hojaji. Kitenzi kuchunguza kinaeleza kazi ya mtafiti, lakini hakielezi anachotaka kujua.

Lengo hilo linaweza kuundwa upya hivi: "Kubainisha iwapo wakulima waliopata ekapaki za viuadudu kabla ya pamba kutoa maua walivuna kilo nyingi zaidi kwa ekari kuliko waliozipata baadaye, katika vijiji vinne vya Wilaya ya Bariadi, msimu wa 2022/2023." Sentensi imekuwa ndefu, na urefu huo una sababu. Kila kipande kimefunga mlango mmoja wa kukwepa: nani, nini, wapi, lini, kwa kulinganisha na nani. Matokeo yakionesha kuwa muda wa kupata viuadudu haukuleta tofauti, lawama iliyozoeleka itapungua nguvu, na utafiti utakuwa umeongeza jambo.

Kasoro hiyohiyo ipo katika tasnifu za fasihi. Ngoma za Wasukuma zina jumuiya mbili kuu zinazoshindana, Bagika na Bagalu, ambazo asili yake huhusishwa na waganga wawili, Ngika na Gumha. Lengo la "kueleza dhima ya nyimbo za Bagika na Bagalu katika jamii ya Wasukuma" lina majibu yake tayari: kuelimisha, kuonya, kuburudisha, kuhifadhi historia. Majibu hayo yanaweza kutolewa kwa nyimbo za jamii yoyote. Kinachozitofautisha nyimbo hizi ni ushindani wenyewe, ambapo waimbaji huvutana ili kuuhamisha umati. Lengo lenye kushindwa lingeuliza kama kejeli kwa mpinzani huongezeka pale umati unapoelekea upande wa pili, au kama mtunzi ana mpango wake usiojali umati. Majibu yote mawili yanawezekana, na hayo ndiyo yanayolifanya swali listahili tasnifu.

6.2 Mipaka isiyotajwa

Sehemu ya mawanda huandikwa kwa kawaida katika aya moja inayotaja wilaya na mwaka. Katika Simiyu aya hiyo haitoshi. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu zaidi ya 600,000 katika Wilaya ya Bariadi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 422,916. Mtafiti anayeandika lengo la "kutathmini mabadiliko ya idadi ya watu na matumizi ya ardhi wilayani Bariadi kati ya 2002 na 2012" anaweza kuhitimisha kwamba wilaya ilipoteza watu, kisha akatafuta maelezo ya uhamaji, ukame au njaa.

Maelezo ni mepesi kuliko hayo. Mwaka 2012 sehemu ya Bariadi iligawanywa na kuwa Wilaya ya Itilima, ambayo sensa ya mwaka huohuo iliihesabia watu 313,900. Ukijumlisha wilaya hizo mbili unapata watu 736,816, na upungufu unageuka kuwa ongezeko. Kilichobadilika kilikuwa mstari kwenye ramani. Tahadhari hiyo inahusu pia takwimu za pamba, mifugo, shule na maji, na inahusu Busega, ambayo takwimu zake za kabla ya 2012 zimo ndani ya zile za Magu na Mkoa wa Mwanza. Lengo linalotaja jina la wilaya bila kutaja mipaka ya mwaka gani linabeba kosa ambalo uchanganuzi wowote wa baadaye hauwezi kulisahihisha.

6.3 Lugha ya data

"Kuchunguza athari za Kisukuma katika matamshi ya Kiswahili ya wanafunzi wa Bariadi." Lengo hili lina dhana tatu zisizochunguzwa. Kwanza, linachukulia kuwa athari zipo. Pili, linachukulia kuwa Kisukuma ni kimoja, ilhali kinachozungumzwa Bariadi ni Kinantuzu, lahaja inayotofautiana na ile ya Mwanza na ile ya kusini. Tatu, linachukulia kuwa matamshi yasiyofanana na Kiswahili sanifu yametokana na lugha ya kwanza na si na mazingira ya shule au umri wa mwanafunzi.

Mfumo wa sauti wa Kisukuma umeelezwa kwa kina, hususan katika kazi ya Batibo (1985). Una irabu saba na toni yenye kubainisha maana, wakati Kiswahili sanifu kina irabu tano na mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Maarifa hayo yanaruhusu utabiri mahsusi, na utabiri ndio unaofungua nafasi ya kukosea. "Kulinganisha utamkaji wa irabu za Kiswahili baina ya wanafunzi ambao lugha yao ya kwanza ni Kinantuzu na wale ambao lugha yao ya kwanza ni Kiswahili, katika shule moja ya sekondari mjini Bariadi" ni lengo lenye kundi la kulinganishia. Bila kundi hilo, kila kosa la mwanafunzi litaandikwa katika deni la Kisukuma, na tasnifu itakuwa imethibitisha dharau badala ya kuchunguza lugha.

Suala la lugha linagusa pia tafiti zisizo za isimu. Hojaji kuhusu ustahimilivu na tabianchi huandikwa kwa Kiswahili sanifu au kutafsiriwa kutoka Kiingereza, kisha huelezwa papo kwa papo kwa Kinantuzu na msaidizi wa utafiti. Kinachopimwa hapo ni mseto wa swali la mtafiti na ufafanuzi wa msaidizi. Lengo linalohusu mtazamo au uelewa wa wanajamii linapaswa kutaja mtazamo huo utachukuliwa kwa lugha gani.

7.0 Pingamizi

Inaweza kupingwa kwamba kigezo cha kushindwa kinafaa tafiti za takwimu tu, na kwamba utafiti wa kitaamuli huingia nyanjani bila kujua utakachokikuta. Pingamizi hili lina uzito, na mfano wa ngitili unaliunga mkono. Lakini hata mtafiti wa kitaamuli anaweza kueleza anachodhani kabla ya kuingia nyanjani, na ni ushahidi wa aina gani ungemfanya abadili dhana yake. Asipoeleza hivyo, msomaji hana namna ya kujua kama nyanja ilimfundisha chochote.

Inaweza pia kupingwa kwamba mfadhili hataki lengo linaloweza kushindwa, kwa hiyo mwandishi wa andiko hulazimika kuandika maneno mapana yatakayotimia kwa vyovyote. Hilo ni kweli kwa baadhi ya wafadhili. Hata hivyo, neno pana lina gharama yake. Mradi usioweza kushindwa kwa maandishi hauwezi pia kuonesha kwamba umefaulu, na jamii inayofuata itakapoomba fedha kama hizo haitakuwa na ushahidi wa kuuegemea.

8.0 Hitimisho

Tahakiki hii imeonesha kwamba malengo yaliyoandikwa kuhusu Bariadi na Simiyu kwa zaidi ya miaka 70 yameshindwa au kufaulu kwa sababu zisizohusiana na unadhifu wa sentensi. Mpango wa Usukuma ulikuwa na kipimo bila swali. HASHI ilifaulu kwa kukubali kwamba lengo la mwanzo halikutosha. Andiko la mwaka 2017 limebeba neno ambalo kiashiria chake hakilipimi kikamilifu. Tasnifu zinaweza kuziba pengo hilo, ikiwa malengo yake yataacha kuwa orodha ya vitenzi.

Kwa mtahini, maswali manne yanatosha katika ukurasa wa malengo. Je, ni matokeo gani yangemlazimisha mtafiti kubadili maoni? Je, ni jambo gani lengo hili linalichukulia kuwa kweli bila kulichunguza? Je, eneo na kipindi kilichotajwa kina mipaka ileile katika data zote? Je, mtu atakayejibu maswali atayasikia kwa lugha gani? Tasnifu isiyoweza kujibu swali la kwanza irudishwe kabla mtafiti hajapanda basi kwenda nyanjani, kwa kuwa baada ya hapo hojaji zitakuwa zimeshajazwa na siku ya kazi ya mkulima wa Bariadi haitaweza kurudishwa.